Ukikwama Kwenye Chupa ya Kijani, Hujakwama Peke Yako

Wasee, leo nina stori ya viwanda. Msikimbie. Najua nikitaja tu neno "historia" kuna mtu tayari amemkumbuka mwalimu wa Form Two akisoma noti mpaka kengele ilie. Hii ni tofauti kidogo. Inaanzia kwenye gemu, inapitia Uingereza ya miaka 200 iliyopita, na inaishia kwa swali moja ambalo anko wangu aliniuliza usiku fulani nikiwa karibu kufuta kila kitu.

Gemu yenyewe ni Factorio. Kwa wale hawajaicheza: chombo chako cha angani kimeanguka kwenye sayari usiyoijua na huna kitu. Unachimba mawe ya chuma kwa mkono, unayayeyusha kwenye tanuri, unatengeneza mashine ya kwanza, halafu mashine ya kutengeneza mashine. Ukiendelea hivyo, siku moja unarusha roketi. Lakini kati yako na hiyo roketi kuna utafiti, na utafiti huko haununuliwi kwa pesa. Unalipiwa kwa chupa. Kila teknolojia mpya inadai idadi fulani ya chupa za rangi, na maabara zako zinazimaliza kama soda za harusini.

Chupa ya kwanza ni nyekundu. Inataka bamba moja la shaba na gia moja ya chuma, basi. Ya pili ni ya kijani. Hiyo inataka mkono mmoja wa mashine, ule unaookota vitu hapa na kuviweka pale, pamoja na kipande kimoja cha mkanda wa kusafirishia mizigo. Ukiisoma hivyo unaona rahisi. Mimi pia niliona rahisi.

Kiwanda changu cha kwanza, nyekundu ilitiririka bila shida. Nikajiona injinia. Halafu kijani ikaanza kudondoka. Moja. Kimya. Moja tena. Maabara zinawaka sekunde chache, zinasimama. Nikafanya kitu ambacho nadhani wengi wenu mmewahi kufanya: nikaongeza maabara, kutoka 5 mpaka 15. Hakuna kilichobadilika. Nikaongeza mashine za kuunda chupa ya kijani mpaka zikafika 20. Mambo yakawa mabaya zaidi, kwa sababu kila mashine mpya ilijikusanyia vifaa vyake vya akiba kisha ikakaa kungoja. Ilikuwa saa nane usiku na nilikuwa natafuta mahali pa kubonyeza nianze upya.

Anko wangu ni fundi wa vyuma Kamukunji. Anatengeneza masanduku ya shule na majiko. Usiku huo alikuwa amelala kwetu, akaamka kutafuta maji ya kunywa, akanikuta.

"Hiyo ni nini?"

"Ni kiwanda, anko."

"Kinatoa nini?"

"Chupa za utafiti. Lakini zinakuja polepole sana."

"Unataka ngapi kwa dakika?"

Nikanyamaza. Sikuwa nimewahi kufikiria. Nikajibu tu, "Nyingi."

Akacheka. "Nyingi si hesabu, kijana. Mteja akiniambia anataka masanduku mengi, sikati hata bati moja. Akiniambia anataka 40 kufikia Ijumaa, hapo najua nitanunua bati ngapi, nani atakata na nani atakunja." Akanywa maji yake, akarudi kulala.

Maze, huyo mzee hajawahi kushika gemu maishani mwake, na alikuwa amelenga kidonda changu palepale. Kesho yake nikaanza kusoma, na nikagundua hilo swali lake limewasumbua watu wenye viwanda vya kweli tangu viwanda vianze.

Chupa zenyewe zina historia

Tuanze na gemu kabla hatujaenda mbali. Factorio ilitengenezwa Prague, Ucheki, na kampuni ndogo inayoitwa Wube Software. Aliyeanzisha ni Michal Kovařík, ambaye wachezaji wanamjua kama kovarex. Mwaka wa 2013 waliwaomba watu wawachangie kupitia Indiegogo, wakapata zaidi ya yuro 21,000. Hiyo si pesa nyingi kwa kutengeneza gemu. Ilifika Steam Februari 2016 ikiwa bado haijakamilika, na toleo kamili likatoka tarehe 14 Agosti 2020.

Sasa, zamani chupa hazikuwa hivi unavyozijua. Zilikuwa na namba tu: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Halafu kulikuwa na ya nne, ya zambarau, ambayo ilitengenezwa kwa masalia unayoyapata ukivunja viota vya wale wadudu wakubwa wa sayari. Yaani sehemu ya elimu yako ilitoka kwenye uporaji. Hukuhitaji kupanga kiwanda vizuri, ulihitaji bunduki na moyo mgumu. Aprili 2017 waliitoa hiyo kabisa na kuleta chupa mpya zinazotoka kiwandani. Mwaka wa 2019 wakabadilisha majina: nyekundu ikapewa jina la mashine zinazojiendesha, kijani ikapewa jina la usafirishaji. Katika mabadiliko yote hayo mawili, mapishi ya nyekundu na ya kijani hayakuguswa.

Nadhani kuna sababu. Angalia tena chupa ya kijani inaundwa na nini: mkono na mkanda. Hivyo ndivyo vitu vyenyewe unavyojengea kiwanda! Gemu haikuulizi kama una akili au kama una pesa. Inakuuliza kama unaweza kutengeneza vifaa vya kiwanda bila kuvigusa kwa mikono yako, kila sekunde chache, ukiwa umelala. Ukiweza, umefaulu mtihani. Ukishindwa, hakuna maabara 100 zitakazokusaidia, kwa sababu maabara hunywa chupa tu. Haitengenezi hata moja.

Na hilo si wazo la gemu. Ni jambo lililotokea.

Portsmouth, na hesabu ya kapi 100,000

Mwanzoni mwa miaka ya 1800 Uingereza ilikuwa vitani na Ufaransa, na jeshi lake la majini lilikuwa na shida ambayo mtu wa Lamu au Mombasa angeielewa mara moja: kapi. Ni vile vigurudumu vya mbao ndani ya fremu yake vinavyopitishwa kamba za tanga. Meli moja kubwa ya vita ilihitaji kapi karibu 1,000, na jeshi zima lilitumia takriban 100,000 kwa mwaka. Zote zilichongwa na mafundi, nyingi kwa mkono, moja baada ya nyingine.

Ona vizuri: walikuwa na namba. Laki moja kwa mwaka. Walikuwa na jibu la swali la anko kabla hawajanunua msumari mmoja.

Mfaransa aliyekimbia mapinduzi ya kwao, Marc Isambard Brunel, akabuni mfululizo wa mashine, na Samuel Bentham, msimamizi wa kazi za ujenzi wa jeshi la majini, akamuunga mkono. Fundi aliyezitengeneza, kuanzia 1802 hivi mpaka 1806, alikuwa Henry Maudslay wa London. Mashine zilikuwa karibu 45. Hakuna hata moja iliyotengeneza kapi nzima. Moja inatoboa, nyingine inachonga nafasi ya kigurudumu, nyingine inazungusha pembe. Kila moja na kazi yake ndogo, halafu mbao inasogea mbele. Mwaka wa 1808 kiwanda hicho kilitoa kapi 130,000, na watu 10 walifanya kazi iliyokuwa inahitaji 110.

Lakini kwangu kapi si sehemu kubwa ya hii stori. Sehemu kubwa ni karakana ya Maudslay. Ili atengeneze hizo mashine za chuma kwa usahihi, ilibidi awe na mashine nyingine za kukata chuma na skurubu kwa usahihi. Vijana waliopitia mikononi mwake, kina Richard Roberts, James Nasmyth na Joseph Whitworth, ndio waliokuja kuwa majina makubwa ya utengenezaji wa mashine Uingereza. Yaani kiwanda cha kapi kilitoa kapi, lakini karakana nyuma yake ilitoa watu na vifaa vya kutengeneza viwanda vingine. Hiyo ndiyo chupa ya kijani yenyewe. Mashine inayotengeneza sehemu za mashine.

Kurudi nyuma, hatua kwa hatua

Haya, tufanye hesabu. Ni hesabu ya darasa la sita, usiogope.

Tuseme namba yako ni chupa 30 kwa dakika, za kila rangi. Hiyo ni chupa moja kila sekunde 2. Mashine ya kuunda ya kwanza kabisa kwenye gemu inafanya kazi kwa nusu ya mwendo, kwa hivyo muda wowote ulioandikwa kwenye mapishi unauzidisha mara mbili. Nyekundu imeandikwa sekunde 5, basi ni 10. Kijani imeandikwa 6, basi ni 12. Ukitaka moja kila sekunde 2, unahitaji mashine 5 za nyekundu na 6 za kijani. Tano kwa sita. Ishike hiyo.

Sasa rudi nyuma hatua moja. Mashine hizo 6 za kijani zinataka mkono mmoja na mkanda mmoja kila sekunde 2. Mashine moja ya kuunda mikono inatoa mmoja kila sekunde, kwa hivyo moja inatosha na inabaki nusu. Ya mikanda inatoa miwili kila sekunde, kwa hivyo moja inatosha na inabaki mingi sana. Sakiti zinazoingia kwenye mikono, mashine moja. Waya wa shaba unaoingia kwenye sakiti, mashine moja.

Halafu unafika kwenye gia.

Nyekundu inataka gia. Mkono unataka gia. Mkanda pia unataka gia. Jumlisha kwa sekunde: nusu, ongeza nusu, ongeza robo. Unapata gia 1.25. Na mashine moja ya gia inatoa 1 kila sekunde.

Nilipofika hapo niliweka kalamu chini. Mimi nilikuwa na mashine moja tu ya gia kwa kiwanda kizima! Na mashine za nyekundu zilikuwa zimekaa mwanzoni mwa mkanda, kwa hivyo zilijichukulia gia kwanza na kijani ikabaki kula makombo. Zile mashine 20 za kijani na maabara 15 hazikuwa na kosa lolote. Zilikuwa foleni ndefu nje ya duka lenye mhudumu mmoja. Ukishaona foleni ndefu hivyo, kuongeza watu kwenye foleni si dawa.

Nikaongeza mashine moja. Moja tu. Jumla ikawa 17: tano za nyekundu, sita za kijani, mbili za gia, na moja moja za mikono, mikanda, sakiti na waya.

Endelea kurudi nyuma mpaka mgodini. Kila chupa nyekundu ni mabamba 2 ya chuma na 1 la shaba. Kila ya kijani, ukiifungua yote, ni mabamba 5.5 ya chuma na 1.5 ya shaba. Kwa namba yetu hiyo ni mabamba 3.75 ya chuma kwa sekunde na 1.25 ya shaba. Tanuri la mawe linatoa bamba moja kila sekunde 3.2. Gawanya na utapata matanuri 12 ya chuma na 4 ya shaba. Yanagawanyika bila kubaki kitu, hata utadhani walipanga. Mashine za umeme za kuchimba, zinazotoa nusu jiwe kwa sekunde, ni 8 za chuma na 3 za shaba. Matanuri yanataka makaa ya mawe, usisahau.

Na stima. Mashine 17 za kuunda zinakula kilowati 1,275, na injini moja ya mvuke inatoa 900. Hapo sijahesabu maabara wala mashine za kuchimba. Ukikosa stima ya kutosha gemu haikukatii, inapunguza tu mwendo wa kila kitu kidogokidogo, na utalaumu gia bure. Sisi watu wa huku tunajua vile taa hufifia kabla ya giza, hatuna kisingizio.

Mwisho, maabara ngapi? Inategemea utafiti. Kama kila chupa inachukua sekunde 10 kumalizika, maabara 5 zinatosha. Kama ni sekunde 30, unahitaji 15. Kumbe 15 zangu hazikuwa wazimu. Nilizijenga tu kabla ya kujua kwa nini.

Kipande kidogo kwanza

Kuna kosa la upande wa pili pia, la mtu anayepiga hesabu mpaka ya roketi kabla hajawasha tanuri la kwanza. Huyo anachoka kabla ya kuanza. Kwa huyo nina stori ya Ford.

Watu wengi wanadhani Henry Ford aliamka siku moja akaweka gari zima kwenye mkanda. Hapana. Katika kiwanda cha Highland Park, Michigan, tarehe 1 Aprili 1913, walianza na kifaa kimoja kidogo cha kutoa cheche kwenye injini, kinaitwa magneto. Kabla ya hapo fundi mmoja aliunda magneto moja kwa dakika 20 hivi. Wakaigawa kazi hiyo kwa watu 29 waliosimama kwenye mstari, na muda ukashuka mpaka dakika 13 na sekunde 10. Wakarekebisha urefu wa meza, wakaongeza mwendo wa mnyororo, ukafika dakika 5. Ndipo wakaendelea na vipande vingine, na baadaye chasisi nzima, ambayo ilitoka saa 12 na nusu ikafika dakika 93 mwaka uliofuata.

Kwa hivyo anza na 30 kwa dakika. Chupa mbili tu. Ziangalie zikitembea. Chupa ya bluu itakuja na mafuta na mabomba na itakutesa vizuri, lakini utaifikia ukiwa unajua kiwanda chako kinapumulia wapi. Halafu, kwa sababu mashine yako ya mikanda inatoa mingi kuliko chupa zinavyotaka, weka sanduku pembeni lijae mikanda na mikono. Hiyo akiba ndiyo utakayojengea hatua inayofuata. Chupa ya kijani inakulipa mara mbili: upande mmoja utafiti, upande mwingine vifaa vya ujenzi.

Na wanaokopi je?

Najua mnachosema. "Si naweza kuchukua ramani ya mtu mtandaoni nibandike?" Unaweza. Gemu inaruhusu. Lakini acha nikuambie kuhusu Samuel Slater.

Mwishoni mwa miaka ya 1700 Uingereza ilikataza mashine za kusokota pamba zisitoke nchini, na mafundi wake pia wasitoke. Marekani ilizitaka sana. Kule Rhode Island, tajiri mmoja anaitwa Moses Brown alikuwa tayari amenunua mashine zilizoigwa kutoka zile za Waingereza. Alikuwa nazo, zimesimama hapo, na hakuna aliyeweza kuzifanya zisokote vizuri. Mwaka wa 1789 akafika Marekani Slater, kijana wa miaka 21, bila mchoro wowote wa mashine. Alikuwa amefanya kazi miaka kadhaa kwa Jedediah Strutt, mshirika wa Richard Arkwright mwenye mashine. Akaziangalia za Brown, akasema hazifai zilivyo, akazijenga upya kwa kumbukumbu. Desemba 1790 zikaanza kusokota. Huko kwao Belper wengine walimwita msaliti.

Slater alikopi, sikatai. Lakini alikopi kitu alichokielewa, na ndiyo sababu aliweza kukirekebisha kilipogoma. Brown alikuwa na ramani iliyobandikwa. Zote mbili ni kukopi, ila moja inasota shaba ikiisha na nyingine inajua ni wapi pa kuangalia. Kwa hivyo chukua ramani za watu ukitaka, lakini za chupa hizi mbili za kwanza, tafadhali, piga hesabu mwenyewe hata mara moja. Ni nusu saa na kalamu.

Kuna kitu gemu haikuonyeshi, na nisipokitaja nitakuwa nimewadanganya. Kiwanda cha kwanza cha Slater kilianza na wafanyakazi 9, wote watoto wa miaka 7 hadi 12. Pamba iliyolisha viwanda hivyo miaka iliyofuata ililimwa na watumwa. Na pale Portsmouth, watu 10 walipochukua kazi ya 110, wale 100 walikuwa na familia. Kwenye Factorio mkono wa mashine hauchoki na hauna mama. Uwiano wa tano kwa sita ni safi kwa sababu hakuna mtu ndani yake.

Gari letu

Nikiwa nasoma haya yote nilijikuta nawaza kuhusu jambo la nyumbani, kwa sababu sisi pia tuliwahi kufika kwenye chupa ya kijani.

Mwaka wa 1986 Rais Moi aliwaomba wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi watengeneze gari la Kenya. Wakalitengeneza. Mwaka wa 1990 Nyayo Pioneer ikaonyeshwa hadharani, magari machache ya mfano, yakitembea kwa nguvu zake yenyewe. Wazazi wetu wengine wanakumbuka ile siku. Kampuni ikaanzishwa ili yatengenezwe kwa wingi, na hayo mengi hayakuja. Pesa hazikupatikana. Kampuni ikaja kubadilisha jina ikaitwa Numerical Machining Complex, ambayo ipo Nairobi na inajulikana kwa vipuri vya mashine.

Watu hupenda kuicheka Nyayo Pioneer. Mimi siwezi tena. Gari la mfano ni chupa unayoitengeneza kwa mkono: unaweza, gemu inakuruhusu, na inaonyesha unajua mapishi. Waliojenga yale magari walijua mapishi. Kilichokosekana kilikuwa nyuma yao, mashine ya pili ya gia, ile ambayo hakuna anayepiga picha nayo siku ya uzinduzi. Na tunapenda sana uzinduzi. Tunapenda maabara zenye taa. Mara ngapi umesikia mtu akiahidi kituo cha ubunifu, na mara ngapi umesikia mtu akiahidi karakana ya kukata gia?

Ndiyo maana naona inafaa kijana wa Nairobi akae usiku akihesabu chupa ambazo hazipo. Hazipo, sawa. Lakini tabia ya kuanza na namba ya mwisho na kurudi nyuma mpaka kwenye jiwe, hiyo ipo, na inafanya kazi kwa masanduku, kwa mikate, kwa magari.

Wiki iliyofuata anko alirudi. Nikamwonyesha. Chupa nyekundu na za kijani zinatembea sambamba, maabara zote zinawaka, hakuna inayosubiri.

"Ngapi?" akauliza.

"Thelathini kwa dakika, anko."

Akaangalia kidogo, akanyoosha kidole kwenye ile mashine ya pili ya gia. "Hii inakaa bure nusu ya wakati."

Ni kweli. Tunahitaji 1.25, zinatoa 2. Nikamwambia hiyo iliyobaki ni ya kukua.

"Sawa," akasema. "Basi sasa unataka ngapi?"